Yah: Ombi la Jina Langu Kuandikwa Getini

Kwa Waheshimiwa Maprodyuza wa Filamu na Tamthilia,
Sinza, Kinondoni, Mbezi Beach na popote penye jumba la kukodi kwa siku ya kushuti.

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Ni matumaini yangu barua hii itawakuta wazima, mkiwa lokesheni, umeme haujakatika. Mimi ni mwandishi wa skripti, chipukizi. Mnanifahamu hata kama simu zangu hamzipokei. Ni yule dogo mliyemwambia, "Mdogo wangu, nitumie stori niipitie." Nikatuma. Mkaipitia. Baada ya muda nchi nzima ikaipitia kwenye king'amuzi, saa tatu usiku, na jina langu halimo.

Najua hamkumbuki ni stori ipi, maana kwenye hizo simu zenu mna stori za madogo wengi. Ngoja niwasaidie. Ilikuwa ya mama mmoja wa Kigamboni anayekaanga mihogo upande wa Magogoni. Mwanawe ana kesi Kisutu, na shahidi pekee anayeweza kumwokoa ni yeye. Asubuhi ya kesi pantoni linaharibika katikati ya maji. Mama anafika mahakamani shauri limeshaitwa. Filamu nzima imesimama juu ya hilo pantoni.

Ninyi mama wa mihogo hamkumtaka. Mlitaka mtu mwenye hadhi, kwa hiyo mkamhamishia Mbezi Beach, mkampa Prado, wigi na dereva. Haya, mwenye kamera ndiye mwenye mji. Lakini aliyekuwa akinakili alichoka kabla ya kufika mwisho, kwa sababu sini ya mahakamani mliiacha kama nilivyoiandika. Mama anashuka kwenye Prado, anapanda ngazi huku anahema, anamwambia hakimu: "Nisamehe mheshimiwa, pantoni limeharibika." Na hakimu anatikisa kichwa kwa huruma! Kutoka Mbezi Beach kwenda Kisutu! Alipitia Zanzibar?

Sini hiyo niliiona nikiwa kwa kinyozi, nusu ya kichwa imeshanyolewa. Kinyozi alizima mashine, akacheka mpaka akashika kiti. "Hawa waandishi wao wanavuta nini?" Hiyo ndiyo mara ya kwanza uandishi wangu kujadiliwa hadharani. Nilinyamaza, mtu aliyenyolewa upande mmoja hana pa kukimbilia. Yalipokuja majina ya mwisho nikakaza macho. Stori: prodyuza. Skripti: prodyuza. Mwongozaji: prodyuza. Mhusika mkuu: prodyuza. Kisha shukrani za pekee kwa mwenye nyumba, kwa duka la nguo, kwa mama ntilie aliyelisha kundi zima. Hapo kinyozi akahamia kwenye mpira wa Yanga, kwa hiyo inawezekana nilikuwa nyuma ya mama ntilie. Nisiwasingizie.

Mtakachosema nakijua kwa sababu mmeshakisema: wazo halina mwenyewe. Kweli kabisa. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 hailindi wazo. Shahidi kuchelewa mahakamani ni wazo, lichukueni, hata Wanigeria wanalo. Ila sheria hiyohiyo inalinda kilichoandikwa, tangu kilipoandikwa, hata kama mwandishi hakuwa na nauli ya kwenda kukisajili. Na pantoni kinywani mwa mama wa Mbezi Beach, Waheshimiwa, polisi wangeliita kidhibiti.

Kuna karatasi nyingine pia inayoninyima usingizi. Tangu mwaka 1976 sheria ya filamu inamtaka anayeomba kibali cha kushuti apeleke maelezo ya filamu yake na maneno yatakayosemwa. Maana yake lipo faili mahali fulani lenye kurasa zangu. Juu yake kuna jina la nani? Nauliza tu.

Nauliza kwa sababu mama yangu naye aliuliza. Jumapili ya marudio alivaa miwani, akasogeza kigoda mpaka karibu na TV, akawa anasoma jina moja moja kwa sauti. Yalipoisha akanigeukia: "Mwanangu, hawa watu uliwakosea nini?" Mjibuni ninyi. Hela ya kukodi Prado mlikuwa nayo. Hela ya wigi mlikuwa nayo, hela ya droni ya kupiga picha paa la jumba mlikuwa nayo. Kuandika jina la mtu hakuli hata shilingi, na bado mlikaa mkaamua kwamba asiyejulikana hana haja ya kujulikana. Mwizi wa kuku anapelekwa kituoni anachechemea. Ninyi mnapelekwa zulia jekundu, mnashika kipaza sauti, mnasema changamoto ya tasnia yetu ni ukosefu wa stori nzuri. Stori nzuri mnazo. Mnazo kwenye flashi zetu!

Samahani, Waheshimiwa. Joto la mwezi huu limezidi. Turudi kwenye ombi.

Ombi lenyewe ni dogo. Nimefuatilia kazi zenu kwa makini na sijaona hata moja isiyo na geti. Skripti inasema, "Anafika nyumbani." Maneno mawili. Kwenye filamu, gari linapiga honi. Mlinzi anatoka kibandani, anachungulia. Honi ya pili. Mlinzi anavaa kofia. Geti linafunguliwa upande mmoja, kisha wa pili. Gari linaingia taratibu, linazunguka chemchemi isiyo na maji, linapaki, linarudi nyuma, linapaki vizuri. Staa anashuka, anafunga mlango, anabonyeza rimoti, gari linalia tii-tii, na wimbo bado unaendelea. Majina ya mwisho yanapita mbio kama bodaboda kwenye taa nyekundu, lakini geti tunalitazama mpaka tunajua limeshika kutu wapi.

Kwa hiyo naomba niandikwe getini. Mji huu tumeshazoea kusoma kwenye kuta na mageti: NYUMBA HII HAIUZWI, MBWA MKALI, namba ya simu ya mganga. Chini ya mbwa mkali pakiandikwa STORI NA, kisha jina langu, hakuna mtazamaji atakayeshtuka. Rangi iwe nyeupe, ya mafuta, mvua za masika zisije zikanifuta katikati ya sini. Fundi ninaye, huyo anayeandika vibao vya shule za chekechea hapa mtaani. Herufi zake zimenyooka, na bei yake haifiki ya wigi. Tumekaa naye tukaujadili ugumu wote. Geti likiwa la milango miwili, jina litagawanyika: la kwangu litakwenda kushoto, la baba litakwenda kulia, na Prado itapita katikati yangu. Nimeridhia. Geti likiwa la kusukuma pembeni, basi fundi aandike kwa urefu, ili mlinzi anapolisukuma nipite mzima mbele ya kamera, herufi kwa herufi, bila haraka. Nyumba ikiwa imepigwa X nyekundu ya hifadhi ya barabara, niandikwe mbali kidogo na X, watu wasije wakadhani kinachobomolewa ni mimi. Usiku geti limulikwe na taa za gari, jambo ambalo tayari mnalifanya vizuri mno. Na mkiigawa filamu ikawa Part One na Part Two, sitadai rangi ya pili. Geti mtalitumia lilelile, nawajua. Nisichokubali ni mlinzi kusimama mbele ya jina langu. Yeye tayari yumo kwenye orodha ya majina, nimemwona.

Mengine ni ya kutekeleza mkipita tu. Flashi yangu irudishwe, ina picha za harusi ya dada. Mkiniita kikao Sinza mnitumie nauli, au mje Kigamboni mlione hilo pantoni kwa macho. Ukurasa mmoja wa skripti hukadiriwa kuwa dakika moja ya filamu, basi msiniombe kurasa tisini kwa usiku mmoja, halafu lokesheni mkawaambia waigizaji waseme chochote kinachowajia. Na siku ya malipo msiniite mdogo wangu.

Mtasema biashara yetu haina desturi ya kumtaja mtunzi. Vuta N'kuvute ya Amil Shivji ilifika tamasha la filamu la Toronto mwaka 2021, ikiwa imetajwa wazi kwamba imetokana na riwaya ya Adam Shafi. Hakuna kamera iliyopasuka. Tena enzi za mabanda ya video tulimjua Lufufu kwa jina na kwa sauti, naye kazi yake ilikuwa kuongea juu ya filamu za watu wengine. Aliyetia maneno juu ya filamu tulimjua. Aliyetia maneno ndani yake tunamwona kwa kinyozi.

Nimewaza hata mgomo. Mwaka 2023 waandishi wa Marekani waligoma siku 148, na huko studio zikaishiwa cha kushuti. Sisi tukigoma hamtajua. Mtaendelea na stori za mwaka juzi mpaka flashi ziishe, kisha mtatoa tangazo la kutafuta vipaji vipya, na madogo watapanga foleni kuanzia alfajiri na bahasha zao kwapani, wamevaa mashati ya kuazima. Nami nitakuwemo kwenye foleni, ndiyo ubaya wake. Stori ya pili iko tayari. Ni ya mlinzi wa geti, inafanyika yote nje ya geti, na prodyuza hapati nafasi ya kuingia ndani.

Naomba kuwasilisha.

Wenu mtiifu,
Chipukizi, Kigamboni
(jina limehifadhiwa, kama mlivyozoea)

Nakala:
Mwenye nyumba wangu, kwa taarifa na uvumilivu.
Fundi rangi, kwa utekelezaji.