Intaneti ya Marehemu

Dada yangu alipoolewa na mwanamume wa Bukavu, ukoo mzima kule Tanga ulikubaliana kwamba tumepata shemeji mpole. Hakuna aliyetutahadharisha kuwa mtu mpole ndiye anayekutuma kazi ukashindwa kuikataa. Wanaishi Lyon, wote wawili wauguzi, na walinunua kwa mkopo chumba kimoja na jiko huko La Grande-Motte, mji wa pwani karibu na Montpellier, ili wapangishe watalii wakati wa kiangazi. Mimi naishi Leicester. Mwishoni mwa Juni simu ikaja.

"Shemeji, kuja upumzike kwa bahari, wiki tatu, bure. Iko kazi kidogo tu. Muntu wa intaneti atakuja, wewe umufungulie mulango."

Wapangaji wa Agosti, alieleza dada kwa nyuma, siku hizi hawaulizi kama kuna maji. Wanauliza waifai.

Niseme kweli, nilikwenda na kiburi. Kwetu ukitaka intaneti unabonyeza nyota, tarakimu mbili tatu, reli, na bando limeingia kabla chai haijapoa. Nikajiambia, kama Tanga ni dakika moja, Ufaransa itakuwa nusu.

Mji wenyewe una visa vyake. Mwaka 1963 serikali ya Ufaransa ilianzisha mpango wa kuigeuza pwani ile, iliyokuwa vinamasi na mbu, iwe miji ya mapumziko, kwa kuwa Wafaransa walikuwa wakiipita na magari yao kwenda kuogelea Hispania na kuziacha faranga zao huko. Mbu wakapuliziwa dawa, na msanifu Jean Balladur akakabidhiwa mchanga mtupu ajenge mji. Balladur alikuwa amevutiwa na piramidi za Meksiko. Basi akajenga za kwake kwa zege: majengo yanayopungua kadiri yanavyopanda, kila ghorofa na vibaraza vyake vinavyotazama bahari. Mimi mbu na vinamasi navijua tangu utoto. Kulala ndani ya piramidi ndiko kulikokuwa kugeni, na usiku wa kwanza nilijichekea peke yangu kitandani: huko Misri anayelala humo huwa ni maiti.

Asubuhi yake tukapiga simu ya watu watatu. Upande mmoja dada wa kampuni ya intaneti, ambayo nitaisitiri. Upande wa pili shemeji, kajificha kwenye stoo ya mashuka hospitalini Lyon. Upande wa tatu mimi, kalamu mkononi, nikisubiri kutafsiriwa. Dada wa kampuni akauliza anwani, akapewa. Akauliza mlango namba ngapi. Shemeji akaniuliza mimi. Nikatoka ukumbini, nikapita mlango mmoja hadi mwingine. Hakuna namba. Hata mmoja. Majengo mengi ya Ufaransa ndivyo yalivyo, kumbe: mtu hutambulikana kwa jina lake kwenye sanduku la barua, na kwa ghorofa, kushoto au kulia ukitoka kwenye lifti.

"Basi," akasema dada wa kampuni, "aliyekaa hapo kabla yenu alikuwa nani?"

Nilimwomba shemeji arudie. Hivi nchi iliyojenga treni zinazokwenda kilomita 300 kwa saa inaitafuta nyumba kama tunavyoitafuta sisi kule Ngamiani, pale kwa mzee fulani, ukivuka mwembe? Ndivyo hivyo. Laini ya zamani iliandikishwa kwa jina la mkazi wa zamani, na bila jina lake kompyuta yao haikuwa tayari kusadiki kwamba chumba nilichosimama ndani yake kipo.

Mkazi wa zamani alikuwa mzee aliyefariki. Warithi wake ndio waliowauzia akina dada. Jina lake lilikuwa bado chini, kwenye sanduku la barua, kikaratasi kilicholiwa na jua hadi zikabaki herufi nne na nusu. Nikapanda nazo juu mbio. Dada wa kampuni akazitia kwenye kompyuta, akashusha pumzi ya furaha: "Ah! Voilà!" Marehemu alikuwa anajulikana. Sisi tulio hai tukaruhusiwa kuendelea.

Kisha akatusomea namba ya simu ya mafundi. Wafaransa husoma namba mbilimbili, tarakimu kumi kwa jumla, na mimi kuhesabu kwa Kifaransa nilikuwa nimejifunza, ila darasa lilifungwa tulipofika sitini. Laiti ningejua kwa nini. Baada ya sitini lugha ile inaishiwa na maneno, inaanza kufanya hesabu. Sabini na nne kwao ni sitini-kumi-na-nne. Tisini na mbili ni nne-ishirini-kumi-na-mbili. Tisini na saba ni nne-ishirini-kumi-na-saba. Mimi mtiifu niliandika kila nilichosikia, 60, 14, 4, 20, 12, 4, 20, 17, na alipomaliza nilikuwa na namba ya simu yenye tarakimu 18.

Shemeji akajitolea kuirudia ili tuihakiki. Lakini shemeji Kifaransa chake amekitoa Kongo, kwa urithi wa Wabelgiji, na Wabelgiji waliona mapema kwamba maisha ni mafupi: sabini wana neno lake, septante, na tisini wana nonante. Akaisoma namba yote kwa raha zake, safi kama maji ya ziwani kwao. Kimya kikapita.

"Samahani, bwana," akasema dada wa kampuni, "unapiga simu kutoka Ubelgiji?"

Kisanduku cha intaneti chenyewe kililetwa kwenye duka la maua, kwani vifurushi huko huachwa kwa wenye maduka. Wafaransa wanakiita "box". Wana baraza zima la kulinda lugha, Académie française, lililoasisiwa mwaka 1635, na bado kitu kinachokaa sebuleni kwa kila mtu wamekiazima jina kwa Waingereza. Nilirudi nacho kwapani pamoja na shada la maua, maana muuzaji alinitazama hadi nikaona aibu kutoka mikono mitupu.

Sasa miadi. Shemeji aliniandikia ujumbe: "Fundi anakuja Jumanne, kati ya saa nane na saa kumi." Nikafurahi. Asubuhi yote ni yangu. Nilikwenda kuogelea, nikarudi saa sita na nusu, nikaoga, nikapiga deki, nikatenga kahawa. Saa nane ikafika. Saa tisa. Saa kumi na moja nilikuwa nimeinywa kahawa ya fundi vikombe vinne na mikono inatetemeka. Nikampigia shemeji.

"Lakini wameandika hapa mteja hakukuwa ndani!"

"Mimi? Toka saa nane sijatoka hata kibarazani!"

"Saa nane ulikuwa wapi?"

"Hapahapa!"

"Saa nane ya asubuhi, shemeji!"

"Shemeji, duniani hakuna saa nane ya asubuhi!"

Dada akaingilia kati kabla ukoo haujavunjika. Mumewe amekaa Lyon miaka mingi mno. Siku hizi anaisoma saa ukutani kama ilivyoandikwa, mshale ukiwa kwenye nane ni saa nane. Saa mbili asubuhi, fundi anagonga, mimi niko majini nimelala chali nawaza jinsi Wafaransa walivyo wastaarabu, hata fundi wanampangia mchana.

Miadi mipya haikupatikana wiki ile. Alhamisi ilikuwa 14 Julai, sikukuu ya taifa, na sikukuu ikiangukia Alhamisi Wafaransa hujenga daraja: Ijumaa nayo inalazwa, ili mtu avuke moja kwa moja hadi Jumapili bila kulowa. Sikulaumu. Nilijitahidi kuvuka nao. Tatizo ni kwamba bando langu la Uingereza lilikuwa likikatwa pauni kwa kila siku niliyokaa ng'ambo ya bahari, na kila nilipotaka kuhakikisha miadi, kampuni ilinishauri niingie kwenye tovuti. Kwa intaneti ipi?

Fundi wa pili alikuja Jumatano ya wiki iliyofuata. Nilikuwa nimekaa mlangoni tangu saa kumi na mbili alfajiri, kwa saa zote mbili, ya kwetu na ya shemeji. Alikuwa kijana mwembamba, mwenye haraka, kompyuta ndogo shingoni. Alisoma kwenye kioo chake, akaniangalia, akauliza kama mimi ndiye Bwana Fulani. Alinitajia jina la marehemu.

Wewe msomaji ungefanyaje? Nimesubiri siku kumi na tano. Nikisema siye, anaweza kuondoka. Nikasema "Oui."

Na nikiri kwamba kazi yake ilikuwa tamu kuitazama. Alifungua kabati la nyaya ukumbini, akapenyeza waya hadi sebuleni, akatoboa, akafunga soketi nyeupe isiyozidi kiberiti. Ndani ya waya ule mna uzi wa kioo mwembamba kama unywele. Alikata ncha yake kwa kifaa maalumu, akamulika kalamu yenye taa nyekundu upande mmoja, nyekundu ikachomoza upande wa pili, naye akatabasamu kwa mara ya kwanza. Halafu akashuka kwenda kwenye kabati kubwa la mtaani, linakokutana nyuzi za jengo zima. Nikamfuata. Mlango wa kabati ulikuwa umening'inia kwa bawaba moja, na ndani mlikuwa na sinia la tambi za rangi zote, zimesongamana, nyingine zimemwagikia nje. Fundi alikuna kichwa. Akavuta huku, akachomeka kule. Akasema neno ambalo sikulielewa, na nadhani ni heri.

Tuliporudi juu, taa ya kisanduku ilikuwa ya kijani. Akanipa simu yake nitie sahihi kwa kidole. Nilimtilia marehemu sahihi nzuri, yenye mkia.

Hazikupita dakika ishirini, mlango ukagongwa. Alikuwa bibi wa ghorofa ya chini, nywele nyeupe pe, aproni, rimoti ya televisheni mkononi kaishika kama rungu. Nilifungua kompyuta, kwa kuwa sasa nilikuwa na intaneti, nikampa mashine ya kutafsiri. Akaandika kwa kidole kimoja. Televisheni yake imekufa. Huko televisheni nyingi huja kwa kisanduku hichohicho cha intaneti, na ilikuwa imekufa waendesha baiskeli wa Tour de France wakiwa katikati ya kuipanda milima ya Pyrenees.

Nikampigia shemeji. Hakushangaa hata kidogo. "Njo vile iko. Kabati ikijaa, fundi anatosha ya mutu mwingine, anaweka ya kwako. Wanalipwa kwa kazi moja-moja, hawana wakati wa kutafuta." Taa yangu ya kijani, kwa maneno mengine, ilikuwa ya bibi.

Haya yanahitaji kufidiwa. Nilimvutia kiti, nikamtafutia mbio za baiskeli kwenye kompyuta yangu, nikampa kahawa. Akaja na kesho yake. Akaja kila alasiri hadi Jumapili walipofika Paris, siku nyingine na aprikoti, siku nyingine na keki, na kila akiingia ananibusu mashavuni mara tatu, ndiyo desturi ya upande ule. Mimi nilizoea mara mbili, kwa hiyo busu la tatu lilinikuta kila siku nikiwa nimeshageuka. Kumbe yeye na marehemu walikuwa wakicheza karata pamoja. Alinipeleka kwake kunionyesha picha, na kwenye kona ya sebule nikaona kitu mithili ya televisheni ndogo yenye kibodi ya kukunja, juu yake kitambaa cha kufuma kama kile mama alichokuwa akitandika juu ya redio. Ilikuwa Minitel. Wafaransa waligawiwa mashine hizo bure na shirika la simu tangu mwaka 1982, wakawa wanatafuta namba na kukata tiketi za treni kupitia waya wa simu miaka mingi kabla sisi wengine hatujasikia neno intaneti. Huduma ilizimwa mwaka 2012. Bibi akagonga kibodi kwa kucha, akaandika kwenye kompyuta yangu: hii ilifanya kazi siku ileile walipoileta.

Jumatatu fundi wa tatu akaja kwake. Nilimwona kutoka kibarazani akilifungua lile kabati, akikuna kichwa palepale alipokuna mwenzake. Nilijua kabla sijageuka. Chini kwa bibi televisheni ikaanza kuimba. Kwangu taa ikawa nyekundu.

Bibi akapanda ngazi mwenyewe. Hakuhitaji tafsiri. Alikitazama kisanduku, akanitazama mimi, akarudi chini, akaja na karatasi ya daftari ambayo juu yake alikuwa amenakili paswedi ya waifai yake, herufi na tarakimu ishirini na ushee, kwa mwandiko wa shule ya zamani. Moja ya Kifaransa ina kilemba kirefu, inafanana na saba. Saba yenyewe imefungwa mkanda kiunoni. Nilijaribu mara kumi na moja. Ya kumi na mbili ikakubali, hasa nikikaa jikoni, upande wa friji, ambako zege la Balladur ni jembamba kidogo.

Usiku wa mwisho dada alipiga. "Intaneti ipo?"

"Ipo."

"Inakwenda?"

"Jikoni inakwenda sana."

Nikaibandika ile karatasi kwenye friji, na chini yake nikawaandikia wapangaji wa Agosti, kwa msaada wa mashine: Waifai ni ya bibi wa ghorofa ya chini. Mpelekeeni aprikoti. Akiwaita kwa jina la marehemu, itikeni. Msimgongee saa ishirini kamili, anatazama taarifa ya habari. Na kama hamjui saa ishirini ni saa ngapi, mpigieni simu shemeji yangu.