Pyua

Siku hizi hapa Babati huwezi kununua asali tu. Asali tu haipo. Ipo asali pyua, ipo pyua orijino, na pembeni ya stendi ipo pyua kabisa, imo kwenye chupa ya maji ya kunywa iliyobanduliwa nembo, gundi bado inanata vidoleni. Nikauliza, isiyo pyua iko wapi, nikainunue kwa bei ya chini? Muuzaji akaniangalia kama nimemtukania mzazi.

"Mzee, sisi vitu vya hivyo hatuuzi."

Sasa nani anauza? Mchele nao wote ni Magugu pyua. Kama kweli wote umetoka Magugu, wenyeji wa kule watakuwa wanalala majarubani. Mafuta ya alizeti pyua, ilhali mashapo yamekaa chini ya dumu. Yale yamekamuliwa tu, mashudu yakaenda kwa ng'ombe. Ya kiwandani ndiyo yanayotolewa ute, yakachujwa kwa udongo maalumu na kupigwa mvuke mpaka harufu iishe. Mimi napenda ya mtaani kwa sababu yananukia alizeti. Kwa nini yasingiziwe usafi?

Ila wauzaji nawasamehe, wanatafuta riziki. Wanaonikera ni wateja wapimaji. Basi la Singida linaunguruma, konda anapiga bodi, abiria kachuchumaa anachovya njiti ya kiberiti kwenye asali, anaiwasha. Ikiwaka, pyua! Ndugu yangu, hata shira nzito ya sukari haina maji ya kutosha kuzima njiti. Mwenzake anasukuma chupa iliyoganda: "Hii mmetia sukari." Sukari imo, aliyeitia ni nyuki. Ni glukosi hiyo, na baridi ya Julai ya hapa chini ya mlima Kwaraa inaigandisha bila kuomba ruhusa. Iloweke chupa kwenye maji ya vuguvugu, itarudi. Hasikii. Kachukua ile nyepesi, inayocheza kwenye chupa, kapanda basi anatabasamu.

Juzi jirani kaniletea asali ya mzinga wake, ina vipande vya masega na bawa moja la nyuki. Mama watoto akaiinua juani.

"Hii siyo pyua, ina uchafu."

Akaipitisha kwenye chujio la chai. Sasa imeandikwa PYUA kwa kalamu ya bluu, ipo juu ya kabati, na mimi sina ruhusa ya kuigusa mpaka waje wageni.