Namna ya Kuuhadaa Uvimbe Mlafi

Limfoma ya seli T inayokua kwa kasi, saratani ya seli za kinga, ina njaa ya madini ya chuma, kwa kuwa seli zake haziwezi kugawanyika bila hayo. Ukitaka kuinasa, usishindane na ulafi wake. Ilishe.

Kwanza, pata chambo. Galiamu-67, metali itoayo mionzi inayonaswa na kamera, hutengenezwa kwenye saiklotroni kwa kuipiga zinki kwa protoni. Usiiweke akiba: kila saa 78 hivi, nusu yake huwa imekwisha.

Pili, ivishe sitreti. Bila kitu cha kuishika, galiamu hugeuka mashapo kwenye maji yasiyo na asidi, na mashapo hayadungwi mshipani. Sitreti huiweka katika hali ya kuyeyuka hadi ifike kwenye damu. Humo galiamu hudandia transferini, protini ibebayo chuma, ambayo haitambui kwamba huyu si abiria wake. Seli ya limfoma, iliyojaza vipokezi vya transferini kwenye utando wake, huupokea mzigo wote bila kuukagua. Katika tiba, sijaona hila tamu kuliko hii.

Tatu, vuta subira. Picha za limfoma hupigwa kwa kawaida saa 48 hadi 72 baada ya sindano, damu ikishapungukiwa na galiamu. Mpe mgonjwa dawa ya kusafisha tumbo, maana galiamu hutokea utumbo mpana, na choo kinachong'aa hufanana mno na tezi iliyougua.

Edwards na Hayes, wa Oak Ridge huko Tennessee, walikuwa wakichunguza mifupa ya mgonjwa wa Hodgkin, aina ya limfoma, kwa galiamu hiyo. Zilizowaka ni tezi zake. Wakayatangaza hayo mwaka 1969. Basi nawe tazama hata pale ambapo hukuagizwa kutazama.

Ila usishangilie haraka. Ini nalo hula chambo hicho, tezi za machozi pia, hata majipu na kifua kikuu, ilhali limfoma ziendazo polepole mara nyingi hukigusa kidogo tu. Ndiyo sababu hospitali nyingi zimehamia kwenye picha za PET, zitumiazo sukari yenye florini-18: mgonjwa husubiri saa moja hivi, na hata vivimbe vidogo huonekana vizuri zaidi.

Lakini picha yoyote huonyesha mahali tu. Jina la ugonjwa hutoka kwenye kinyama kilichokatwa na kusomwa kwa hadubini. Ukiambiwa una limfoma, uliza kinyama hicho kimekatwa wapi, na majibu yake yanasemaje.