Masikio ya Dhahabu
Wapo mabwana wa jazi ambao hawakuruhusu uguse santuri yao kabla hujanawa. Waulize uanze na ipi, jibu wanalo mdomoni: Kind of Blue ya Miles Davis, 1959. Kisha watafumba macho na kukueleza kila pumzi ya tarumbeta. Usiwakatize. Ila mashine iliyorekodi upande wa kwanza wa santuri hiyo ilikuwa ikienda polepole kuliko ilivyopasa, hivyo muziki ukatoka kwa kasi zaidi na sauti ikapanda kidogo. Kosa likasahihishwa katika toleo la 1992. Miaka 33 masikio ya dhahabu yakitikisa kichwa kwa kuridhika!

Sisemi usiinunue, ni tamu kweli. Nunua na Mingus Ah Um ya mwaka huohuo. A Love Supreme ya John Coltrane utaikuta kwenye kila rafu ya heshima, na haifiki hata dakika 35, lakini hebu muulize mwenye rafu inaishaje. Ella and Louis ya 1956 wataiita nyepesi. Anza na hiyo, ndugu yangu, uipige mpaka ianze kukwaruza.