Nyuzi za Besi: Mwongozo kwa Asiyenuia Kununua

Ndugu yangu mpiga besi, sogea karibu, mpiga solo asitusikie. Yeye ana nyuzi sita, wewe nne, lakini seti yako inazidi bei ya seti yake zaidi ya mara mbili. Dhuluma hiyo haivumiliki. Tufanye hivi.

1. Usinunue. Nyuzi zikifubaa hadi besi inagugumia kama mtu aliyefunikwa blanketi, sema unatafuta sauti ya zamani. Kisha mtaje James Jamerson, mpiga besi wa Motown kule Detroit. Huyu bwana alipiga Fender Precision ya mwaka 1962 kwa kidole kimoja cha shahada, juu ya nyuzi nene za La Bella ambazo hakuzibadilisha mpaka zikatike. Taja jina lake taratibu, macho umeyafumba kidogo. Besi yenyewe iliibwa muda mfupi kabla hajafariki mwaka 1983, kwa hiyo hakuna atakayeileta ukumbini ilinganishwe na yako.

2. Kariri maneno mawili: bapa na duara. Uzi uliozungushiwa utepe bapa ni laini, sauti yake nzito na fupi. Uliozungushiwa waya wa duara unakwaruza vidole, unakula freti, lakini unalia kama kengele. Ndio aliokuwa akiupenda John Entwistle, mpiga besi wa bendi ya The Who. Kiongozi wa bendi akisifu bapa, tikisa kichwa kwa huzuni useme, "Mimi ni mtu wa duara, mzee." Akisifu duara, geuka. Zako zimevaa kutu kiasi kwamba hakuna awezaye kuthibitisha zilizaliwa vipi.

3. Chemsha. Hapa sikutanii. Jasho, mafuta na ngozi ya vidole hujikusanya kwenye mizunguko ya waya na kuua mlio. Zivue, zitose kwenye maji yanayochemka dakika kumi hivi, zikaushe vizuri, zirudishe. Zitang'aa siku chache, zikutoshe kwa harusi ya Jumamosi, halafu zitakufa tena. Tumia sufuria yako mwenyewe. Shemeji akifunua mfuniko akidhani ni mchuzi, akakuta waya zinaelea kwenye maji ya kahawia, hilo usiniulize mimi.

4. Ukikatikiwa na uzi mmoja, nunua huo mmoja tu. Utang'aa katikati ya wenzake kama jino la dhahabu, na kila noti yake itaruka juu ya bendi nzima. Zielekeze solo zako zote huko. Watu watasema umekomaa.

5. Siku ukibanwa kabisa ukaenda dukani, utakuta paketi zina namba kama 45–105. Huo ni unene kwa elfu za inchi, kuanzia uzi wa G mpaka wa E. Wanaume hupenda kuulizia nene, mbele ya watu hasa. Wewe ulizia 105 kwa sauti ya kusikika nje, kisha nong'ona upewe 40–100. Zinabonyezeka kirahisi, na vidole vyako vitafika alfajiri vikiwa salama. Paketi itupe mbali na ukumbi.

6. Usiogope wanaorekodi kwa simu. E iliyo wazi hutetema mara 41 hivi kwa sekunde, na kispika cha simu hakina kifua cha kuitoa. Kinachosikika humo ni ule mlio mwembamba wa juu, ambao nyuzi zako ziliupoteza zamani. Kwenye video, kwa maneno mengine, hukuwepo. Hakuna wa kukukosoa.

Inabaki sebene. Likianza, gitaa zikachanganya, mpiga drum atakugeukia aulize mbona besi haisikiki. Usimjibu. Kunja uso, umtazame fundi mitambo. Ameshazoea.