Una Risasi Moja: Namna ya Kumwinda Kulungu kwa Gumegume

Nenda Pennsylvania, Marekani, baada ya Krismasi. Theluji imetanda, vidole vimekufa ganzi, na wenye bunduki za kisasa wamekwisha rudi kwao. Msimu wa gumegume ulianzishwa huko mwaka 1974, na sheria yake haina mzaha: cheche lazima itoke kwenye jiwe, fataki haikubaliwi. Ndipo mahali pake hasa, kwani mafundi wenye asili ya Kijerumani wa Lancaster na vitongoji vyake ndio waliozifua bunduki hizi ndefu katika karne ya 18.

Wewe uliyezoea kumwaga risasi tano kwa pumzi moja, jiandae kuteseka. Hapa una moja. Ya pili itachukua nusu dakika ukiwa stadi, dakika nzima ukiwa unatetemeka, na kulungu ana miguu minne na akili timamu.

Anza na baruti nyeusi, yaani shura, makaa na salfa. Baruti ya kisasa isiyotoa moshi usiiguse, hata chembe, maana itapasua mtutu, na uso wako uko papo hapo. Usimimine moja kwa moja kutoka kwenye pembe ya baruti pia: kaa la moto likiwa limebaki ndani ya mtutu, pembe nzima italipuka mkononi. Pima kwanza kwenye kipimo, usizidishe kiwango alichoweka mtengenezaji wa bunduki. Kisha chukua risasi ya mviringo, ifunge kwa kitambaa cha pamba kilichopakwa mafuta, uishindilie kwa mdeki mpaka ikalie baruti. Pengo likibaki kati yao, mtutu unaweza kupasuka. Weka alama kwenye mdeki ikuonyeshe kina sahihi. Macho ya alfajiri hayaaminiki.

Sasa kibakuli cha pembeni, na hapa ndipo wapenda makuu wanapoumbuka. Wanakijaza baruti laini mpaka ukingoni, wakidhani wingi ni nguvu. Baruti ikiziba kile kitundu kinachopitisha moto kuingia mtutuni, inaungua polepole kama utambi, mlio unachelewa, nawe umekwisha kutikisika. Weka kidogo tu. Theluji ikianguka, funika mtambo kwa ngozi, uibadilishe baruti hiyo kila inaposhika unyevu. Ukisikia “tk” bila mlio, usichungulie! Elekeza mtutu mahali salama, ungoje dakika nzima au zaidi.

Kuhusu umbali sina huruma na mtu. Anayejisifu kwamba atampiga kulungu mita 150 kwa risasi ya mviringo anajitangaza kuwa mtesaji wa wanyama, kwa sababu risasi ile hupoteza kasi upesi. Ngoja afike mita 40 au 50, akupe ubavu, ulenge nyuma ya bega. Hapo inakubidi ujue upepo unavuma kutoka wapi, njia anayopita akienda kula matunda ya mialoni yaliyofukiwa na theluji, na saa anayorudi kulala. Mimi naipenda bunduki hii kwa hilo: inakukatalia mpaka umjue mnyama.

Ukifyatua, moto utawaka sentimita chache kutoka jichoni. Usifumbe, usishushe bunduki, endelea kulenga. Moshi utaficha kila kitu, hivyo uwe umekariri mti aliosimama karibu nao. Shindilia tena kabla hujaondoka hapo, kisha ngoja. Mnyama aliyejeruhiwa akikimbizwa huenda mbali. Akiachwa, hulala karibu. Fuata damu kwenye theluji hadi umpate, hata giza likiingia.

Usiku huohuo, kabla ya chai na kabla ya kusimulia lolote, osha mtutu kwa maji ya moto na sabuni. Masalia ya baruti nyeusi hufyonza unyevu, na kutu haingoji Jumatatu. Kausha, paka mafuta. Na siku utakayoishindilia tena, yafute mafuta hayo kwanza, maana baruti iliyolowa haiwaki.