Tunaomba Staji

Kavumu, Kabare, Kivu Kusini

Kwa Waheshimiwa Wakurugenzi wa mashirika ya ng'ambo yanayolisha watoto mashuleni,

Tumesikia kwamba huko kwenu wajitoleaji hukutana jioni, baada ya kazi, wakafundishwa jinsi mtoto wa Afrika anavyokula shuleni. Huonyeshwa picha, huambiwa sahani moja ni senti ngapi, kisha hunywa chai. Sisi tunaopika, somo hilo bado halijatufikia. Basi tunaomba staji, yaani nasi tufundishwe kwa vitendo.

Sifa tunazo: nasi tunajitolea. Kule Malawi, ambako shirika la Uskoti la Mary's Meals lilianza mwaka 2002, wanaokoroga uji alfajiri ni wajitoleaji vilevile, akina mama wa kijijini. Wenzao wa Uskoti hupewa kiti. Wao hupewa mwiko.

Kwamba uji humleta mtoto darasani hatubishi. Mwenye kubisha hajawahi kufundisha kujumlisha, saa tano asubuhi, watoto waliokula mara ya mwisho jana. Na darasa lenyewe limefurika: mwezi wa Septemba 2019 serikali yetu ilitangaza kwamba shule za msingi ni bure. Karo ikafutwa. Njaa haikutajwa kwenye tangazo.

Tunapendekeza staji ianzie hapahapa, tena kwa miguu. Kwanza Lwiro, kituo cha utafiti alichokianzisha Mbelgiji mwaka 1947 akatuachia. Utapiamlo wa watoto wa Kabare umechunguzwa hapo vizazi na vizazi: wamepimwa mikono, wamepimwa uzito, wametolewa damu. Vipimo tumeshiba. Kisha Mulungu, kwa watafiti wa kilimo wa INERA wanaojua mbegu za maharage, hata yale yaliyoongezewa madini ya chuma. Halafu Kalambo, ambako taasisi ya kilimo ya IITA ina kampasi yenye jina la Olusegun Obasanjo, rais wa zamani wa Nigeria. (Kwa majina makubwa hatujambo.) Mkichoka, teremkeni Ziwa Kivu mkaone sambaza wakianikwa.

Waheshimiwa, mtafiti tunaye, maharage tunayo, samaki tunao, mama wa kupika tunaye na hadai mshahara. Tumekosa wa kununua. Unga wa mahindi na soya unaweza kuvuka bahari ukiwa na bendera kwenye gunia, na mkulima wa Miti akaupisha barabarani akiwa na maharage yake kichwani, anatafuta mteja. Je, wajitoleaji wenu hufundishwa sura hiyo, au huachwa kwanza wamalize chai?

Wakipenda kusafiri, wapelekeni Nairobi. Tangu 2023 kaunti ile, pamoja na shirika la Food for Education la Wawira Njiru, inapika katika majiko makubwa, na mzazi anachangia shilingi 5 kwa sahani. Hata Rwanda, jirani ambaye siku hizi tunamtaja baada ya kuangalia mlango, ilianza mwaka 2021 kuwalisha wanafunzi wa shule zake zote za umma. Kinshasa tutaiandikia barua nyingine, yenye maneno machache zaidi na makali zaidi.

Staji ikikubaliwa, tunaomba cheti chenye muhuri. Jibu msilitume kwa ndege: uwanja wetu ulitekwa na waasi wa M23 mwezi wa Februari 2025. Mkija wenyewe, njooni saa nne asubuhi, watoto wakiwa bado darasani, na tafadhali msipitie mezani kwenye hoteli za Bukavu.

Wenu,
Wazazi wa Kavumu, waombaji wa staji